Nguzo Ipo Shambani, Nyumbani Mna Koroboi



Wasomaji wetu watukufu, safu hii leo inawafikia kutoka Kibabii, katika kaunti ya Bungoma, ambako nimekuwa nikisomesha darsa tangu mwezi uliopita. Wengi wenu mnalijua jina la Kibabii kwa sababu ya chuo kikuu chake, maana wapo vijana wetu wa pwani waliopata nafasi za masomo huko. Nje ya lango la chuo ni mashamba: mahindi, maharagwe, miwa, na nyumba zilizotawanyika, kila moja na uwanja wake na migomba yake. Hapa hapana mtaa wa nyumba zilizobanana kama Kibokoni au Bondeni. Kutoka mlango mmoja hadi wa jirani waweza kuhesabu hatua mia mbili, na habari yangu ya leo imo ndani ya hatua hizo.

Jioni moja baada ya Maghribi nilipelekwa kumjulia hali mama mmoja mjane anayelea wajukuu watatu. Uwanjani mwake, kando ya migomba, imesimama nguzo ya stima. Nyaya zapita karibu na paa lake la mabati kuelekea shule ya msingi na soko dogo la njia panda. Ndani mna koroboi, hicho ambacho sisi wa mwambao twakiita kibatari, na mjukuu mkubwa ameinamia daftari huku moshi ukimpanda puani.

"Mama," nikamwuliza, "nguzo hii si imesimama shambani mwako?"

"Imesimama, Shekhe. Huu mwaka wa nne. Walikuja wakaniomba ruhusa ipite, nikawapa, kwa sababu ni ya shule na watoto ni wetu sote."

"Nawe hukuungiwa?"

"Waliandika majina, na langu wakaliandika. Kisha nikaambiwa nyumba lazima iwe na waya ndani. Fundi akataja pesa nisizokuwa nazo. Gari likaondoka, halikurudi."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mwaka huu mvua ilichelewa.

Huenda mkadhani kisa cha mama huyu ni cha nadra. La, hata kidogo. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nao ni Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram, walizunguka vijiji vya Busia na Siaya, kaunti zisizo mbali na hapa, kabla serikali haijaanza mradi wake mkubwa wa kuunganisha nyumba. Waliyoyakuta yanashangaza. Katika vijiji ambavyo tayari vilikuwa na transfoma, ni nyumba kama 5 tu katika kila 100 zilizokuwa na umeme, na nusu ya zile zisizokuwa nao zilikuwa ndani ya mita 200 kutoka kwenye waya. Watu hawa wakawapa jina la walio chini ya gridi. Umeme umewafikia lakini haujawaingia.

Tukitaka kuelewa kwa nini, hatuna budi kurudi nyuma kidogo, na safari hiyo yaanzia kwetu pwani. Kwa mujibu wa historia ambayo Kenya Power yenyewe huieleza, umeme katika sehemu zetu ulitokana na mtambo alioununua Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, mwaka 1875, ili uangaze kasri lake na njia za jirani. Mwaka 1908 mtambo huo ukanunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikazaliwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ile ya Nairobi. Tangu mwanzo basi umeme ulikuwa jambo la kasri, bandari na maduka, na nyaya zilifuata mahali penye pesa. Mpango rasmi wa kupeleka umeme vijijini haukuja hadi mwaka 1973, na hata hapo ulikwenda kwa mwendo wa kobe kwa sababu mfuko wake ulikuwa mtupu.

Mwaka 1998 serikali ikaanza kutoza ushuru wa asilimia 5 juu ya bei ya umeme anaotumia kila mteja, fedha ziende vijijini. Ushuru huo upo hadi leo. Dada yangu uliyeko Likoni au Lamu, kila ununuapo tokeni, tazama ujumbe unaokuja kwenye simu: mna pesa za umeme wenyewe, na mna makato mengine. Ndani ya makato hayo, pamoja na kodi ya VAT na gharama za mafuta ya mitambo, imo ile asilimia 5. Familia inayotumia unit 30 kwa mwezi, kwa bei ya kundi la chini iliyoanza kutumika Aprili 2023, yaani shilingi 12 na senti kadhaa kwa unit, huchangia kama shilingi 18. Ni bei ya andazi na chai ya rangi. Lakini zikusanye shilingi hizo kutoka kwa mamilioni ya wateja, mwezi baada ya mwezi, zaidi ya robo karne. Nguzo ya shambani mwa mama yule wa Kibabii ina jasho la mtu wa Kisauni ndani yake, na nina hakika wengi wa Kisauni hawajui.

Sheria ya Nishati ya mwaka 2006 ikaunda mamlaka maalumu ya umeme wa vijijini, ambayo tangu sheria mpya ya 2019 huitwa REREC. Mpango wake ulikuwa wa busara kwa namna yake: pelekeni transfoma mahali pa umma kwanza, yaani shule ya sekondari, zahanati na soko, na nyumba zitafuata. Kisha ukaja ule mradi wa kompyuta za wanafunzi, na kwa haraka kubwa shule za msingi zaidi ya 20,000 zikaungwa. Transfoma zikaenea nchi nzima. Ila nyumba hazikufuata, kwa sababu ada ya kuunganishwa ilikuwa shilingi 35,000. Mkulima wa hapa auze magunia mangapi ya mahindi ili apate fedha hizo, na karo ya shule nani atalipa?

Ndipo Mei 2015 ukazinduliwa mradi wa Last Mile, yaani kuimaliza ile hatua ya mwisho. Kanuni yake ni nyepesi kuielewa. Kila nyumba iliyo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma ina haki ya kuunganishwa, ada ikashushwa hadi shilingi 15,000, na asiyeweza kulipa kwa mkupuo alipe kwa mafungu, ikikatwa sehemu ya pesa anazonunulia tokeni. Fedha za mwanzo zilitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, kiasi cha shilingi bilioni 13.5, kisha Benki ya Dunia ikaingia, baadaye Shirika la Maendeleo la Ufaransa, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Umoja wa Ulaya. Sehemu kubwa ya fedha hizi ni mkopo. Tutazilipa sisi na watoto wetu.

Matokeo yake hayakuwa haba, na si haki kuyaficha. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, nyumba zilizotumia umeme wa gridi kwa mwanga zilikuwa kama 23 katika kila 100. Katika hesabu ya 2019 zikawa 50 na ushei, na nyingine 19 zikitumia sola. Miaka kumi tu. Mwenye kusema kwamba hakuna lililofanyika basi hajasafiri usiku kutoka Webuye hadi Bungoma.

Lakini rudini kwa wale watafiti wa Busia na Siaya, kwa maana walifanya jambo ambalo wapangaji wa mradi wangelilifanya mwanzo. Walichukua vijiji 150, wakawapa watu bei mbalimbali za kuunganishwa kwa kura. Waliotakiwa walipe bei kamili ya 35,000, hawakufika hata wawili katika 100 waliokubali. Kwa 25,000 wakakubali kama 7. Kwa 15,000, ile bei ambayo baadaye serikali iliichagua na kuitangaza kuwa ya wanyonge, wakakubali kama 24. Walioambiwa ni bure, 95 wakasema naam. Tazama pengo hilo baina ya 24 na 95. Watu wote waliomo katika pengo hilo walitaka umeme. Hawakuwa wajinga wala wapinga maendeleo, kama wasemavyo wengine wakiwa wamekaa chini ya feni zao. Walikuwa hawana pesa mkononi kwa siku ile, basi.

Tena watafiti wale walihesabu gharama halisi ya kuunganisha nyumba moja, wakaona inazidi dola 1,000. Na walipohesabu nguzo zilizosimamishwa, wakakuta zimepungua kwa kiasi cha moja katika kila tano zikilinganishwa na zilizochorwa kwenye ramani na kulipiwa. Hapo kalamu yangu husita. Nguzo isiyosimamishwa lakini iliyolipiwa ni amana iliyoliwa, na walioliwa ni mama wa Kibabii na wewe mnunuzi wa tokeni kwa pamoja. Wakati wa kupanga mradi, huzungumzwa sana habari ya fedha zitatoka wapi. Ni wachache wanaouliza nani atakwenda kijijini na karatasi mkononi azihesabu nguzo, moja, mbili, tatu, kabla mkandarasi hajalipwa. Kazi hiyo haihitaji mhandisi. Mwalimu wa madrasa anaiweza, na akina mama wa chama cha akiba wanaiweza zaidi.

Jambo la pili walilolisema lawauma wengi: mwaka mmoja na nusu na zaidi baada ya kuunganishwa, maisha ya waliopata umeme hayakuwa yamebadilika sana kwa mapato wala kwa masomo. Wapo wanaoyachukua maneno haya kuwa hoja ya kuacha kupeleka umeme kwa maskini. Mimi siyachukui hivyo. Mtu ambaye ameungiwa balbu mbili, hana cherehani ya umeme, hana jokofu la kuuzia maziwa, na hununua tokeni ya shilingi 50 kwa wiki, utajiri utamjia kwa mlango gani? Kenya Power nayo hulalamika kwamba wateja wengi wa vijijini hununua umeme kidogo mno kiasi kwamba hautoshi hata kuzitunza nyaya, na kwamba serikali ina deni kwake kwa kuziendesha laini hizo. Malalamiko yao ni kweli, na umaskini wa wale ni kweli. Mpango wa taifa uliohesabu mita zilizofungwa, usihesabu taa zinazowaka baada ya mwaka, hukomea hapo hapo.

Sasa nije kwa yale ambayo mama yule hakuelezwa, kwa kuwa huenda nawe u jirani wa nguzo huko Msambweni au Kaloleni.

Mradi ulipopangwa, waliutambua ugumu wa waya za ndani. Kwa nyumba za udongo na zile zisizo na waya kulikuwa na kifaa kilichoungwa tayari: ubao mdogo wenye soketi, swichi na mahali pa balbu, ambao huning'inizwa ukutani bila kupasua ukuta wala kumwita fundi wa kupitisha nyaya nyumba nzima. Aliyeandikishwa katika mradi angeweza kuulizia ubao huo. Kuulizia, lakini, kwahitaji kujua kwamba upo. Mkutano wa kijiji uliitishwa saa nne asubuhi, wakati wanawake wako shambani, wakahudhuria wanaume waliokuwa wamekaa sokoni. Hilo nimelisikia kutoka kwa zaidi ya mmoja hapa Kibabii, na silioni kuwa la Kibabii pekee.

Anayeomba kwa njia ya kawaida hutakiwa kitambulisho, namba ya PIN ya kodi, na cheti cha fundi mwenye leseni kinachothibitisha kwamba nyaya za ndani ni salama. Hapa mjane hukwama. Shamba li katika jina la baba mkwe aliyefariki, mirathi haijagawanywa, shemeji wamegawanyika wenyewe kwa wenyewe, na jirani ambaye nguzo itapita kwake hataki kutoa idhini kwa ugomvi wa mpaka wa tangu zamani. Nawausia waume waliomo katika nyumba hizi: gawanyeni mirathi mapema, kama tulivyoamrishwa, na muwaandike wake zenu katika karatasi za mita. Nimeona nyumba ambamo mume yuko kazini Nairobi, mita i katika jina lake na ujumbe wa tokeni waja kwenye simu yake, na mke na watoto hulala gizani siku tatu kwa sababu bwana simu imezimika.

Umeme ukishaingia, hesabu ni ya mama wa nyumba, na si ngumu. Balbu ya wati 7 ikiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 30 hutumia unit 1 na kidogo tu. Balbu tatu ni unit 3. Pasi ya wati 1,000 hula unit 1 kwa saa moja, kwa hiyo nguo za wiki nzima zipigwe pasi siku moja, isiwashwe kila asubuhi kwa shati moja la bwana. Lakini koili ya kupikia ya wati 1,000, ukiitumia saa mbili kila siku, ni unit 60 kwa mwezi. Kundi la bei ya chini ni la wasiozidi unit 30 kwa mwezi, na huangaliwa wastani wa miezi mitatu. Ukivuka, bei ya unit hupanda. Ndiyo maana mama mwenye umeme huku bado hupikia kuni, na simlaumu.

Na mafuta ya taa? Tangu mwaka 2018 yametozwa ushuru wa ziada wa shilingi 18 kwa lita ili yasichanganywe na dizeli. Kusudi lilikuwa jema, lakini mwenye koroboi ndiye aliyelipia dhambi ya mwenye lori. Kwa hiyo asiyeunganishwa hulipia mwanga hafifu bei kubwa kuliko jirani yake mwenye mita, na hili ni jambo la kuwaumiza roho wanaopanga bajeti.

Kuna jamaa zetu ambao nguzo haitawafika karibuni, wa visiwani Lamu na wa kando ya mto Tana. Kwao ulianzishwa mradi mwingine, KOSAP, wa Benki ya Dunia, dola milioni 150, kwa sola na mitambo midogo katika kaunti 14, zikiwemo Kwale, Kilifi, Lamu, Taita Taveta na Tana River. Nitauandikia siku yake, inshallah. Kwa sasa nasema tu kwamba sola si umeme wa daraja la pili, mradi mwenye kuuza asikuuzie betri mbovu.

Fedha nyingine zaja. Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam pamoja na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, wakaahidi kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Kenya iliwahi kuahidi, mwishoni mwa 2018, kwamba kila mtu angepata umeme ifikapo 2022, na mwaka huo ukapita. Maombi yangu kwa wakubwa ni mawili. Kwanza, ile ada na ule ubao wa ndani vihesabiwe ndani ya gharama ya mradi tangu siku ya kwanza, kwa wajane na walio mafukara wa wazi, kwa sababu tumeona kwamba shilingi 15,000 huziacha nje nyumba tatu katika nne. Pili, orodha ya nguzo na majina ya walioandikishwa ibandikwe ukutani kwa chifu, msikitini na kanisani, ili kila mtu asome.

Kabla sijaweka kalamu, dada mmoja wa Mtwapa ameuliza kwa barua: je, yafaa kuvuta waya kutoka kwa jirani mwenye mita, naye akimlipa jirani kila mwezi? Jibu: jirani ameridhia na unalipa, kwa hiyo hujamdhulumu yeye. Lakini sheria ya nchi imekataza kuunga waya bila idhini, na nyaya zile zilizofungwa kwenye miti ya mwarobaini zimeunguza nyumba na kuua watoto. Kulinda nafsi ni wajibu. Ama yule anayeunga moja kwa moja kutoka kwenye nguzo bila mita, huyo huchukua mali ya wote, na ndani yake zimo shilingi 18 za yatima. Dada yangu, mwende pamoja wewe na jirani yako kwenye ofisi ya stima, mkaulize kama nyumba yako imo ndani ya zile mita 600, na mkaombe jibu kwa maandishi.